Si Dawa, ni Maji Tu

Februari Mombasa hakuna asiyelalamikia joto. Feni inazunguka lakini inapuliza moto, na watu wanahamia barazani mpaka saa sita za usiku. Basi siku moja ya Februari niliingia kwa mamangu mdogo, Kibokoni, nikamkuta ukumbini amevaa soksi, amejitanda leso mbili, feni imezimwa. "Baridi, mwanangu," akaniambia. Nikacheka.

Mamdogo alipasuliwa rovu miaka mingi nyuma. Tangu hapo anameza kidonge cha thairoksini kila alfajiri kabla hajatia kitu kinywani, kwa sababu tezi ya shingoni ikishaondolewa, kidonge hicho ndicho kinachoshika kazi yake maisha yote. Kikipungua mwilini mtu hupoa. Huhisi baridi, hunenepa na chakula ni kile kile, choo hufunga, nywele hudondoka, na akili huwa nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mamdogo alikuwa na yote hayo, na kidonge hakuwahi kukiruka hata siku moja. Damu ilipopimwa, kipimo cha TSH, homoni inayoihimiza tezi ifanye kazi, kilikuwa juu, dalili kwamba dawa haimtoshi. Daktari akaongeza dozi. Miezi ikapita, kipimo bado kiko juu. Akaongeza tena.

Safari ya tatu nilimsindikiza mimi. Daktari akamuuliza, "Mama, kuna dawa nyengine yoyote unayotumia?"

"La. Vidonge vyenu tu."

Nami nimekaa hapo hapo kando yake, nimenyamaza kimya, ilhali kila nikilala kwake nilikuwa nikiiona ile bilauri.

Bilauri yenyewe ilikuja wakati wa corona. Jamaa yetu aliyeko Muscat alimletea kwanza chupa, kisha mtambo mzima ili asihangaike kununua: vijiti viwili vya fedha, nyaya mbili zenye vibanio, na betri tatu zile za mraba. Unatia vijiti kwenye bilauri ya maji, unaunganisha nyaya, unangoja. Baada ya muda kama wa kipindi kizima cha redio, unaona kitu mfano wa moshi kinashuka kutoka kwenye kijiti kimoja, na maji yanapata umanjano mwepesi kama chai iliyokosa majani. Mamdogo alikuwa akikinga kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na ndicho alichosukumia kidonge chake kila alfajiri. Nilipomuuliza mara moja tu, alinijibu, "Haya si dawa, ni maji tu." Nikaridhika. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba niliridhika.

Yale maji huitwa koloidi ya fedha, yaani chembe ndogo mno za fedha zinazoelea majini. Wauzaji husema yanatibu kila kitu, kuanzia mafua mpaka saratani. Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na fedha, wala hakuna ushahidi wa maana kwamba kuyanywa kunaponya ugonjwa wowote. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka tangu 1999 kwamba dawa za dukani zenye fedha ya namna hiyo hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinafanya kazi. Ndiyo maana chupa nyingi huandikwa "nyongeza ya lishe". Neno dawa linakwepwa, na sisi wenyewe tunamalizia kwa kusema ni maji.

Jambo ambalo mamdogo hakuambiwa ni kwamba fedha inaweza kuzuia thairoksini isifyonzwe vizuri tumboni. Hufanya hivyo hivyo kwa baadhi ya antibayotiki. Kidonge alikuwa akikimeza kweli, lakini alikimeza pamoja na kitu cha kukizuia.

Kuna na lile la rangi. Waliolelewa Mji wa Kale wanajua kikuku cha fedha kikiachwa hupiga weusi mpaka ukisugue. Fedha ukiinywa kwa muda mrefu hujikusanya kwenye ngozi, na mwanga wa jua huigeuza rangi, ngozi ikawa ya kijivu au ya buluu. Na ngozi huwezi kuipeleka kwa sonara akaisugua. Rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Yule Mmarekani Paul Karason aliyewahi kuonyeshwa kwenye televisheni za dunia alijitengenezea maji haya nyumbani akayanywa kwa miaka, uso wake ukawa buluu kabisa, na hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka alipofariki 2013.

Najua kuna atakayesema mbona hospitali wanatumia fedha kwa walioungua. Ni kweli, kuna krimu ya fedha inayopakwa kwenye kidonda cha moto. Lakini hata dettol tunaoshea vidonda, na sijamwona mtu anayeinywa na kaimati.

Nilisema siku hiyo hiyo, tukiwa tumeshafika mlangoni. Nikarudi nyuma nikamwambia daktari habari ya bilauri na betri. Mamdogo alinikata jicho ambalo sitalisahau. Daktari hakumgombeza, na kwa hilo namshukuru sana. Alimshika mkono tu, akamwomba aangalie kucha pamoja naye. Kucha zilikuwa na hina, lakini ilikuwa imeshakua, na chini pale penye mwezi wa kucha, mahali pa kuwa peupe, palikuwa na rangi kama ya maji ya wino. Sote tulikuwa tukiziona kucha hizo kila siku tukipokea sahani mkononi mwake.

Aliacha siku ile. Na hapa msije mkadhani ukiacha mambo yanajinyoosha yenyewe. Dozi ilikuwa imepandishwa mara mbili kushindana na fedha. Fedha ilipoondoka, ile dozi ikawa kubwa mno. Baada ya wiki chache moyo wake ukaanza kwenda mbio, mikono ikitetemeka, usingizi hauji. Ilibidi arudi kupimwa na dozi ishushwe taratibu. Kwa hiyo hata kuacha, mwambie daktari kwamba unaacha.

Sisemi tupige vita dawa za nyumbani. Nikikohoa natafuna tangawizi, na mtoto akiharisha, kabla hajafikishwa kliniki namkorogea lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha. Lakini siku hizi navihesabu vyote kuwa dawa. Shubiri ni dawa: ule utomvu wake wa manjano unaharisha vibaya na kumaliza chumvi za mwilini, sasa fikiria mzee anayemeza na vidonge vya presha vya kukojoza. Mwarobaini unaweza kushusha sukari, na mwenye kisukari anayeunywa juu ya vidonge vyake anaweza kuanguka.

Kwa watoto ndiyo sina mzaha kabisa. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwatia watoto wachanga degedege na kuharibu maini yao, na wengine wamekufa. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka pumzi. Wanaofanya tahniki, yaani kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu, watumie tende iliyolainishwa vizuri, ambayo ndiyo asili yake. Na ule wanja wa manga tunaowapaka machoni wapendeze, mwingi ni jiwe lenye madini ya risasi, nayo ni sumu. Mtoto hujisugua macho kisha akatia vidole mdomoni.

Sasa nikienda na mamdogo kliniki nachukua kikapu. Natia kila anachomeza, anachokunywa na anachojipaka, hata kichupa cha habbasoda na mfuko wa unga alioununua Marikiti ambao mwenyewe hakumbuki ni wa nini. Kisichobebeka nakipiga picha kwa simu. Wauguzi hunicheka, lakini mara ya mwisho daktari alitoa viwili akaviweka kando.

Mamdogo yuko sawa, feni imerudi kuzunguka. Kucha hazijarudi, na hina haimtoki mkononi. Mtambo aliuvunja mwenyewe. Betri akampa mjukuu achezee redio yake ya mbao, na vile vijiti akavipeleka kwa sonara vifuliwe pete. Sonara akavipima kwenye mizani yake, akavigeuza geuza, akamuuliza vilikuwa vya nini.

"Vya maji," akajibu.