Mume amepata grini kadi, viza yako ya H-4 je?

Nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, natoka Sengerema kumwangalia mama aliyekuwa mgonjwa, picha ikaingia kwenye simu. Mume wangu ameshika kadi yake mpya kwa vidole viwili, nyuma yake dirisha la jikoni letu kule Houston. Nilipiga kigelegele palepale. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akauliza kuna nini, nikamweleza, akasema, "Hongera mwanangu, Mungu amewaona." Binti yetu wa miaka minne alikuwa amelala mapajani mwangu. Tiketi za kurudi zilikuwa za wiki tatu mbele, na kwenye paspoti zetu mlikuwa na viza za H-4, zile wanazopewa mwenza na watoto wa mfanyakazi mwenye viza ya kazi ya H-1B, ambazo zilikuwa bado na mwaka mzima.

Usiku mume wangu akapiga simu, sauti imebadilika. Mwanasheria amemwambia mke na mtoto wasipande ndege kwa viza zile.

Tulikaa Mwanza miezi kumi na sita. Alikuja mara moja kutuona, na binti alimficha uso siku mbili nzima kabla ya kukubali kubebwa. Naandika kwa ajili ya mke au mume ambaye mwenzake yuko njiani kupata kadi, maana ningelijua nilichokuja kukijua baadaye, nisingeondoka Houston wakati ule bila mipango.

H-4 haina miguu yake. Imebebwa na H-1B ya mwenzako kama mtoto mgongoni. Siku anapopata grini kadi, yaani anapokuwa mkazi wa kudumu, yeye si mtu wa H-1B tena, na wewe uliyebebwa huna pa kushika. Tarehe iliyochapwa kwenye viza haikusaidii, hata iwe imebaki miaka miwili. Hili ndilo watu wengi hawaliamini, kwa sababu karatasi iko mkononi na bado inasoma vizuri.

Kosa letu lilianza mapema. Fomu ya kuomba ukazi ukiwa ndani ya Marekani, I-485, kila mwanafamilia anajaza yake, na lazima awe yuko Marekani siku inapopelekwa. Zamu ya mume wangu kwenye foleni ya waombaji wa kadi ilipofika, mimi nilikuwa huku namuuguza mama. Akapeleka ya kwake peke yake, akiamini kadi yake ikitoka zetu zitafuata. Hazifuati zenyewe. Mwanasheria alikuwa wa mwajiri, akashughulika na mfanyakazi kama alivyoagizwa. Sisi wawili hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema.

Kumbe palikuwa na njia. Kuna fomu I-824, ambayo mwenye kadi anaipeleka Idara ya Uhamiaji ya Marekani ili ubalozi ujulishwe kwamba ana mke na watoto nje wanaostahili kumfuata. Kumbe anaweza kuipeleka pamoja na I-485 yake, asingoje kadi itoke. Sisi tuliipeleka baada ya kadi, na miezi mingi ilipotelea hapo. Kama mwenzako yuko kule na wewe uko Nyegezi au Buswelu, mwulize leo kama I-824 imo kwenye bahasha.

Usijaribu kuziba pengo kwa viza ya matembezi. Nilishauriwa hivyo na watu watatu tofauti, wote kwa nia njema. Anayeomba viza hiyo anahesabiwa kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na mtu ambaye mwenzake ni mkazi wa kudumu, na ombi lake la kumfuata liko mezani, atathibitisha nini?

Sasa tarehe ya ndoa, maana hapa ndipo nimeona watu wakiumia kuliko mimi. Ili umfuate mwenzako kwa kesi yake ileile ya kazi, ndoa lazima iwe imefungwa kabla hajawa mkazi wa kudumu. Mkifunga baada ya hapo, hata wiki moja baadaye, inabidi akuombee upya kwa fomu I-130, na unaingia foleni ya wenza wa wakazi wa kudumu, ambayo kuna miaka inakwenda na kuna miaka inasimama. Jirani yangu mmoja alitolewa mahari, ng'ombe walifika kwao, wazee wakala wakanywa, na kila mtu mtaani anajua huyu ni mke wa fulani. Lakini hakuna karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, ila inataka isajiliwe. Walikwenda kanisani kijana aliporudi likizo, kadi ikiwa tayari mfukoni. Cheti chao kina tarehe ya baada ya kadi, na yeye bado yuko foleni. Dada yangu unayesoma, kama mmeshatambulishwa na mna hakika na safari yenu, nendeni mkasajili sasa. Sherehe inaweza kungoja.

Vyeti vingine navyo vina mambo yake. Sisi Wasukuma "r" na "l" tunazichanganya tangu utotoni, na karani akiandika anachosikia, jina linageuka. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwa na jina la babu yake kwa "r", paspoti ya baba yake ina "l". Herufi moja tu. Nilikwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwenye dawati la vizazi na vifo, mara tano, na hati ya kiapo kutoka kwa wakili juu yake, ndipo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wakanipa cheti kilichosahihishwa. Vitandaze vyeti vyote mezani, vya mume, vya mke, vya watoto, msome herufi kwa herufi kabla ubalozi haujawasomea.

Kwa walioko Marekani tayari na H-4, ambao I-485 yao imeshapelekwa ila kadi ya mwenza imetangulia: uko salama kubaki, kwa kuwa ombi lako liko mezani. Lakini usitoke nje ya nchi bila kibali cha kusafiri kinachotokana na ombi hilo, na kibali cha kazi ulichopewa kwa H-4 usikitegemee, omba kipya kinachotokana na I-485 yako. Kama hukupeleka kabisa, nenda kwa mwanasheria wiki hiyohiyo. Kwa kesi za kazi sheria inasamehe hadi siku 180 za kukaa bila hadhi halali ya uhamiaji, na siku hizo zinakwenda haraka kuliko unavyodhani.

Watoto wahesabieni miaka. Mtoto anafuata akiwa hajaoa au kuolewa na hajafika 21. Ipo sheria ya mwaka 2002 inayopunguza umri kwa muda ambao ombi la mwajiri lilikuwa likisubiri kujibiwa, lakini hesabu yake iachieni mwanasheria, hasa kwa mwenye miaka 19 au 20.

Jambo la mwisho, mwenye kadi asikimbilie uraia wakati familia bado iko huku. Akishaapa, njia ya kumfuata kwa kesi ya kazi inafungwa na kila mmoja anaombewa upya. Tena Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo hilo ni la kukaa chini na wazee.

Masharti ya viza hubadilika hata kwa tangazo la siku moja, hivyo angalia tovuti ya ubalozi kabla hujalipia tiketi. Zangu zile za kwanza hazikurudishiwa pesa.