Umenunua pikipiki iliyotumika? Anza na breki, injini ingoje

Pikipiki iliyotumika huja na historia usiyoijua. Yangu ilikuwa na miaka 19 nilipoinunua: silinda moja, cc 125, kabureta, breki ya diski mbele na ya ngoma nyuma. Aliyeniuzia alisema haisumbui na injini yake haina kelele. Naamini hakunidanganya, ilikuwa haijaanza kumsumbua.

Jumamosi ya kwanza niliivamia. Nilimwaga oili, nikabadilisha plagi, nikashusha kabureta na kuisafisha, nikaseti tapeti (uwazi mdogo ulioachwa kwenye valvu za injini), nikaosha filta ya hewa, yote kabla jua halijazama. Ikawaka. Lakini nikiachia ekseli, mara inapandisha mvumo yenyewe, mara inazima. Nilikuwa nimegusa vitu vitano kwa siku moja, sasa nitajuaje ni kipi? Nikafungua tena kabureta mara tatu, tapeti mara mbili. Wiki ya pili, injini ikiwa inanguruma, nilishika ule mpira mfupi unaounganisha kabureta na injini, nikaubana kwa dole gumba. Ikatulia palepale. Nikaachia, ikaanza tena. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa uzee, na siku ile nilipoung'oa ukapasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Injini ikawa inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta.

Ndiyo maana nasisitiza: gusa kitu kimoja, endesha kilomita chache, andika kwenye daftari ulichofanya na jinsi pikipiki ilivyoitikia, ndipo ushike kingine. Kazi itachukua wiki kadhaa. Zikubali.

Na usianze na injini, hata kama ndiyo inayokuvuta. Injini ikigoma, utasukuma pikipiki hadi nyumbani. Breki zikigoma, hupati nafasi hiyo.

Tazama kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani. Yangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji yakishaingia, breki zikipata moto yanachemka, mkono wa breki unazama hadi mwisho bila kushika. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili. Soma kifuniko: kikisema DOT 4, yaani daraja la mafuta hayo, weka DOT 4, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Bana mkono wa breki, legeza nipeli (skrubu ya kutolea mafuta) kwenye kalipa, ile sehemu inayobana diski, mafuta yatoke, kaza nipeli, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kukaza, hewa inaingia na kazi inaanza upya. Usiache kikopo kikauke. Tone likidondokea tangi, limwagie maji hapohapo, maana linakula rangi.

Kisha tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 3114 ni wiki ya 31 ya mwaka 2014. Tairi langu la nyuma lilikuwa bado na meno mazuri, lakini mpira ulishakuwa mgumu, wenye nyufa ndogondogo ubavuni. Tairi la namna hiyo linateleza kwenye lami iliyolowa. Nililitoa bila kusita.

Oili nayo ina jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo hiyohiyo inayoogesha klachi. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano, kwa hiyo inaweza kuanza kuteleza. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Pasha injini kidogo kabla ya kumwaga, kisha uitazame oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Bolti ya chini ianze kwa vidole, na pete yake ya kuzibia (washa) iwe mpya. Bolti ni chuma, nyumba yake ni aluminiamu. Ukilazimisha kwa spana, uzi unaoharibika ni wa injini.

Kama pikipiki yako ni ya Kijapani, zichunguze skrubu kabla hujaweka bisibisi ya nyota. Nyingi zina kitone kidogo kichwani. Hizo ni za kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri ndani yake. Ukiongeza nguvu inaruka nje na kula kichwa. Niliharibu mbili za kifuniko cha klachi kabla ya kulijua hilo. Bisibisi ya JIS ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningekushauri ununue.

Cheni ni rahisi: zungusha gurudumu, tafuta pale inapokaza zaidi, upime ulegevu hapo. Pikipiki nyingi za barabarani zinataka kati ya mm 20 na 30, lakini kitabu chako ndicho kinachoamua. Cheni iliyokazwa mno inaua beringi.

Tapeti ziache za mwisho. Hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga. Watu huogopa tapeti zinazogonga, mimi nazihofia zaidi zilizonyamaza. Valvu ya kutolea moshi hupoa pale inapokalia kiti chake. Ikikosa uwazi, haikai sawasawa, haipoi, na inaungua taratibu bila kukuarifu. Yangu, kitabu kilitaka mm 0.08. Jumamosi ile nilipochukua fila (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya 0.05 na kuisukuma polepole, ilikataa kabisa kuingia. Hiyo ndiyo injini iliyosifiwa kwa ukimya.

Baada ya kuiseti ikaanza kutoa mlio mdogo, kama cherehani ya chumba cha pili. Sasa naipima kila kilomita 3,000, asubuhi kabla sijaiwasha, na namba naiandika kwenye daftari.