Tela la boksi 6x12 kwa muziki na viti vya sherehe: anza na uzito, rafu baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako vizuri. Umenunua tela la boksi lililotumika, futi 6 kwa 12, ekseli moja. Unataka libebe muziki, viti na meza za sherehe za Watanzania na Wakongo huko Marekani, kuanzia Columbus, Ohio, mpaka Lexington, Kentucky, na unauliza uanze na kipi: rafu, taa au sola. Mimi nafanya kazi hiyohiyo, njia hiyohiyo, na tela la ukubwa huohuo. Kwa maoni yangu usianze na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Anza na uzito.

Nenda kwenye tela, upande wa kushoto, nusu ya mbele. Utakuta kibandiko chenye herufi GVWR. Namba iliyo hapo ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa, tela pamoja na kila kilichomo ndani. Matela mengi ya ukubwa wako yameandikwa pauni 2,990. Ekseli yenyewe ina uwezo wa pauni 3,500, ila majimbo mengi yanadai breki tela likifika pauni 3,000, basi watengenezaji wanaandika chini kidogo ya hapo ili waliuze bila breki. Yapo majimbo ambayo mpaka wake uko chini zaidi, kwa hiyo soma sheria ya kila jimbo unalopita. Mtu aliyeniuzia langu alinihakikishia linabeba "tani moja na nusu ya vitu". Haikuwa kweli, na wauzaji wengi wa mitumba wanasema hivyohivyo kwa sababu wanaangalia ekseli na kusahau kwamba tela lenyewe nalo lina uzito.

Tupige hesabu. Tela la 6x12 likiwa tupu huwa kati ya pauni 1,200 na 1,500. Tuseme lako ni 1,400. Umebakiwa na pauni 1,590. Kiti cha plastiki cha kukunja ni pauni 8 mpaka 10, kwa hiyo viti 100 vimekula kama 900. Meza za duara za futi 5 huzidi pauni 40 kila moja. Ukipakia nane, 320 na ushee. Subwoofer (spika kubwa za besi) mbili za inchi 18, pauni 100 kila moja au zaidi. Umeshafika 1,420, na bado spika za juu, amplifaya, nyaya, jenereta na stendi ziko chini zinasubiri. Hapo ndipo unataka kuingiza rafu za mbao. Shiti moja ya plaiwudi ya nusu inchi, futi 4 kwa 8, inazidi pauni 40. Shiti tano tu zimeondoa viti zaidi ya 20 ambavyo mteja angevilipia. Kila unachokifunga humo kwa kudumu utakivuta kila safari, hata siku ambayo hukihitaji.

Ukishamaliza hesabu ya mezani, pakia mzigo wa sherehe ya kawaida uende kwenye mizani ya malori, zile za CAT zilizoko kwenye vituo vikubwa vya mafuta barabarani. Utapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Itunze. Usikubali mtu akushauri kwa macho.

Kitu cha pili ni mzigo unakaa wapi, na hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayokaa juu ya mpira wa chuma wa gari, inatakiwa ibebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela. Tela likiwa pauni 2,900, shingo iwe kati ya 290 na 435. Ikipungua hapo, tela linaanza kupiga mkia ukifika mwendo wa barabara kuu, na tela la boksi ni baya zaidi kwa sababu ubavu wake wote unapigwa na upepo. Lori likikupita unalisikia linakuvuta na kukusukuma. Sasa wewe utapita I-75 ukirudi kutoka Kentucky, ule mteremko wa Cut-in-the-Hill unaoshuka kuelekea mto Ohio na Cincinnati. Pale barabara inainama na kukunja huku malori yamekuzunguka pande zote. Tela lenye shingo nyepesi litakuonyesha tabia yake palepale.

Kupima shingo si kazi kubwa. Mizani ya bafuni nyingi hazifiki uzito huo, kwa hiyo tumia ubao. Weka bomba fupi la chuma chini upande mmoja, mizani upande wa pili, na kipande kingine cha bomba juu ya mizani, kisha laza ubao imara juu ya mabomba hayo mawili. Shusha shingo ikae juu ya ubao, futi 1 kutoka bomba la chini na futi 2 kutoka lile la mizani. Namba utakayoiona zidisha mara 3. Tela liwe limepakiwa, limekaa usawa, na magurudumu yamezuiwa kwa kabari. Ukikuta namba ni ndogo, sogeza mzigo mzito mbele; ikizidi, rudisha nyuma kidogo. Sheria ya haraka ni kwamba karibu asilimia 60 ya mzigo iwe mbele ya ekseli. Kwangu subwoofer na kreti za nyaya zinakaa mbele, meza zinasimama ubavuni juu ya ekseli, viti vinajaza nyuma. Uzuri wa mpango huo ni kwamba viti ndivyo vinavyoshuka kwanza ukumbini. Shida yake ni njia ya kurudi: ukiacha viti ukumbini kwa sherehe ya kesho yake, mzigo wa tela umebadilika kabisa, nawe inabidi ujue namba zake mpya kabla hujaingia barabarani.

Na likianza kuyumba, usikanyage breki ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, acha mwendo ushuke wenyewe. Kama tela lina breki za umeme, bonyeza ile swichi ya mkono ya breki za tela peke yake, zitalinyoosha.

Hapo nakuja kwenye matengenezo ambayo mimi niliyaweka mbele ya yote: breki. Sheria inaweza isikudai, lakini vuta pauni 2,900 kwa SUV halafu shuka ule mteremko mvua inanyesha, utaelewa. Chungulia ndani ya gurudumu kwenye ekseli. Ukiona kibati cha chuma chenye matundu manne ya bolti nyuma ya habu, ekseli yako iliandaliwa kupokea breki. Breki za umeme za inchi 10 ndizo zinazoendana na ekseli ya 3,500. Utahitaji plagi ya pini 7 badala ya ile bapa ya nyaya nne, kifaa cha kudhibiti breki ndani ya gari, na betri ndogo ya dharura yenye waya wa kuchomoka, ili tela likijitenga na gari lijifunge breki lenyewe. Ukifungua habu kwa kazi hiyo, badilisha sili na upake beringi grisi mpya palepale. Baada ya hapo fanya kila miezi 12 au maili 12,000, kipi kitangulie.

Tairi. Ziwe za tela, zenye herufi ST, mfano ST205/75R15. Watu wengi wanaangalia kashata na kuridhika, lakini tairi ya tela huzeeka kwa jua na kusimama kuliko kwa kutembea. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishapita miaka mitano au sita mimi nazitoa hata kama kashata bado ni nzima. Kwa saizi hiyo, tairi ya daraja la mzigo C inabeba pauni 1,820 ikijazwa psi 50, na daraja D inabeba 2,150 kwa psi 65, ilimradi rimu nayo inakubali presha hiyo. Kupanda kwenda D ni kuzuri kwa usalama. Ila usidanganywe na mtu kwamba umeongeza uwezo wa tela. Kibandiko hakijabadilika, ekseli ni ileile, springi ni zilezile. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya maili 50 mpaka 100 kila unapofungua gurudumu.

Sasa ndani, kazi unayoitamani. Ukuta wako mara nyingi ni plaiwudi ya inchi 3/8 iliyopigwa juu ya mbavu za chuma. Plaiwudi hiyo peke yake haishiki kitu kizito. Mzigo wote lazima ushikwe na mbavu. Kuzipata ni rahisi: simama nje, angalia mistari ya skrubu au riveti inayoshuka kwenye bati, kila inchi 16 au 24, kisha ukiwa ndani thibitisha kwa sumaku. Badala ya rafu, funga reli za E-track, yaani reli za chuma zenye matundu ya kufungia mizigo, zikiwa zimelala, mistari miwili kila upande, mmoja kama inchi 18 kutoka sakafuni na mwingine usawa wa kifua. Kila mahali reli inapokatiza ubavu, piga skrubu ya kujitoboa yenye unene wa robo inchi, lakini pima urefu wake. Ikizidi kina cha ubavu itatokea nje kwenye bati, na maji yataingia hapo kila mvua. Kwenye reli hizo unachomeka mikanda ya racheti, na zipo hata breketi za rafu zinazochomekwa na kuchomolewa. Siku ya viti unazitoa, siku ya muziki mtupu unazirudisha. Ndiyo maana nazipenda kuliko mbao za kudumu. Kwenye mkanda angalia uzito wa kazi ulioandikwa, ambao ni theluthi moja ya ule wa kukatika, na usifunge subwoofer mbili kwa mkanda mmoja.

Kabla ya reli na rangi, tafuta maji. Mwambie mwenzio amwagie tela maji kwa hose, paa na kona zote, wewe ukiwa ndani na tochi na mlango umefungwa. Mara nyingi yanapenya kwenye taa ndogo za pembeni juu, kwenye maungio ya paa na ukuta, na kuzunguka tundu la hewa la paani. Usizibe kwa silikoni ya kawaida ya bafuni, maana ikishakaa hakuna kingine kinachoshika juu yake. Kwangua ya zamani, safisha kwa spiriti, weka utepe wa butili chini ya kila fremu na gundi ya paa inayojisawazisha juu. Chungulia na chini: chumvi ya barabarani wakati wa baridi inakula fremu, na kingo za plaiwudi za mlango wa rampu zinaoza kutokea ndani huku rangi bado inang'aa. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi, pakioza utasikia sauti imekufa.

Kuhusu sola, kwa kazi yako sioni sababu. Muziki utauendesha kwa umeme wa ukumbi au jenereta. Tela linachohitaji ni taa za kupakia saa nane usiku. Betri ya lithiamu ya 12V yenye Ah 100 ina kama Wh (wati-saa) 1,280. Taa za LED za wati 20 zikiwaka kwa muda wa saa tano zimetumia Wh 100 tu. Unaichaji nyumbani, inakaa wiki. Angalizo moja la Ohio: betri hizo hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, zinaharibika, kwa hiyo Januari ichomoe uingie nayo ndani. Fyuzi iwe karibu kabisa na upande chanya wa betri, na kila waya unapopita kwenye tundu la chuma, vesha tundu hilo mpira. Taa za nje zikianza kufifia au kuwaka kwa zamu, kabla hujanunua taa mpya kwangua na kukaza ethi, ule waya unaofungwa kwenye fremu ya chuma. Mara nyingi ndiyo yenye tatizo. Jenereta isiwake ndani ya tela hata dakika moja, milango ikiwa wazi au la. Moshi wake una gesi inayoua, na gesi hiyo haina harufu.

Rangi ya sakafu, weka ile ya vibaraza isiyoteleza, inatosha. Kufuli, weka ya shingo ya tela na ya gurudumu, zote mbili, maana tela zima la vifaa linaweza kuondoka mbele ya nyumba yako kwa muda mfupi sana.

Hukusema unavutia gari gani. Angalia kitabu cha gari lako kinaruhusu uzito gani wa shingo, kisha uje hapa na namba hiyo, GVWR na karatasi ya mizani. Kuna SUV zinazovuta pauni 3,500 lakini shingo zinakubali 350 tu, au hata chini ya hapo, na ikiwa lako ni la hivyo itabidi tupange upya hata hizo subwoofer nilizokuambia ziende mbele.