Dishi limeingiaje kila nyumba? Majibu ya maswali yenu

"Zamani dishi lilikuwa la mahoteli na matajiri, leo hata nyumba za makuti zinalo. Ilikuwaje?" Msomaji, Barani, Malindi

Dishi lilipungua ukubwa na bei ikapungua nalo. Setilaiti za mwanzo zilirusha kwa wati chache tu, kama balbu ya friji, sasa huku chini ulitaka dishi la mita tatu ukusanye kile kidogo kinachofika, na dishi la mita tatu ni vyuma na simiti na mafundi kibao, nani angeweza kama si mwenye hoteli. Marekani mwaka 1976 profesa mmoja wa Stanford, Taylor Howard, alijiundia la kwake nyumbani, akawa anashika filamu za HBO, chaneli ya kulipia ya huko, akawatumia cheki ya dola 100 alipie anachotazama, wakamrudishia, ati wao kazi yao ni na kampuni za kebo tu. (Huku kwetu cheki hiyo ingetumwa na nani?) Baadae zikaja setilaiti zenye nguvu, na TV ya Sky ilipoanza Uingereza mwaka 1989 kupitia setilaiti ya Astra dishi la sentimita 60 likatosha, unalibeba kwapani. Halafu dijitali nayo, pale ilipokaa chaneli moja zikaingia nane hata kumi, gharama ya kurusha ikagawanywa.

Lakini huku kwetu mimi nasema kilichouza dishi ni mpira. DStv ilianza Afrika Kusini 1995, ikawa ya wenye nazo, sisi wengine tunabanana kwenye vibanda vya video, pesa unatoa mlangoni. 2007 ikaja kampuni nyingine ya dishi, GTV, na Ligi Kuu ya Uingereza, watu wakakimbilia, Januari 2009 ikafilisika, madikoda yakabaki pambo. Ila watu walishaonja, kurudi kibandani hakuna anayetaka. Kisha 2015 matangazo ya analogi, yale ya antena bila dikoda, yakazimwa Kenya nzima, na kama dikoda ni lazima ununue, mtu wa Faza ambaye mnara uko mbali naye si bora aweke dishi moja kwa moja? Na tusiwasahau kina mama, Ramadhani wanataka tarawehe live kutoka Makka, tena hiyo ni ya bure.

"Ile mitambo ya Wataliano hapa baharini ndo inaturushia TV?" Mzee, Ngomeni

Hapana mzee wangu, ingawa hapo kwako pana historia kubwa kuliko TV. Kituo cha San Marco kilirusha maroketi toka 1967 mpaka 1988, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapaa setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei huko angani. Sema Uhuru ilikuwa inapita kilomita 500 na kitu tu juu, dunia nzima inaimaliza kwa saa moja u nusu hivi, sasa dishi lako lingeifukuza vipi? Za TV ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kule mzunguko wake unaenda sawa na wa dunia, ukiitazama toka hapa imetulia palepale. Ndo maana fundi anakaza nati mara moja anaenda zake.

"Kila Machi na Septemba, jua linawaka, wingu hakuna, picha inakatika dakika kadhaa mchana. Nimebadilisha waya mpaka nimechoka." Langoni, Lamu

Wacha waya. Siku hizo jua linapita nyuma ya setilaiti kabisa, mawimbi yake jua yanaingia kwenye dishi pamoja na ya setilaiti, dikoda inachanganyikiwa. Ni siku chache tu. Aliyekuuzia hizo waya kala pesa za bure.

"Jirani ana redio, anapiga kelele goli mimi bado sijaona. Dikoda mbovu?" Kijana, Shela

Nzima hiyo. Mawimbi yanapanda na kushuka zaidi ya kilomita 70,000, hapo ishakwenda robo sekunde, halafu kuifinya picha huko na kuifungua hapa kunaongeza sekunde kadhaa. Mwambie azime, au hamia kwake.

"Dishi langu mwaka halijamaliza limeoza, na masika ikianza picha haikai." Mama, Mkomani

Chumvi hiyo mama. La bati usinunue tena, tafuta la alumini na nati za stenlesi, na pale waya unapoingia kwenye LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, funga tepu ya mpira vizuri, maana maji yakiingia pale yanafuata waya mpaka ndani kwenye dikoda. Mvua kubwa huwezi kuishinda, mawimbi ya hivi vidishi vidogo matone yanayameza, ila ukiweka la sentimita 90 badala ya 60 utakatikiwa mara chache. Na fundi asikutobolee dari, nyumba za kale za huko boriti zikilowa ni hasara nyingine, afunge kwenye ukuta wa juu.