Maonesho ya Vita ya Kagera: huku nyumbani watu waliishije? Majibu ya maswali yenu

Juzi kati niligusia wazo la maonesho ya kuzunguka mashuleni na mitaani, siyo ya vifaru na majenerali, ila ya maisha ya huku nyumbani wakati wa Vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Meseji zimekuwa nyingi aisee, najibu zile zinazojirudia.

Mimi ni mwalimu wa historia, Temeke. Nataka kuanza na wanafunzi wangu ila sina hata kitu kimoja cha kuonesha. Naanzia wapi?

Mwalimu, heshima yako. Vitu achana navyo kwanza, anza na nyumba. Vita ilianza mwisho wa Oktoba 1978 ikaisha Juni 1979, na wengi walioenda hawakuwa wanajeshi wa kudumu, walikuwa mgambo, vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi, magereza, yaani mtu jana alikuwa kiwandani leo yuko kwenye lori anaelekea Kagera. Kila mmoja aliacha nyumba yenye watu. Wape wanafunzi waulize huko kwao: nani alibaki, kodi ya chumba alilipa nani, barua ilifikaje, habari mlisikia wapi (jibu litakuwa Redio Tanzania, na jirani mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni). Ukishapata stori vitu vinakuja vyenyewe, utaletewa picha ya studio, bahasha, redio mbovu iliyokuwa juu ya kabati. Ukitaka magazeti ya wakati ule, Uhuru na Daily News, nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi au kitengo cha East Africana maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani, nenda na barua ya shule usije ukazungushwa getini.

Baba yangu anasema vita ndiyo ilileta foleni za sukari na sabuni, mama anasema foleni zilikuwepo kabla. Niandike ya nani?

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, maana hapa maonesho mengi yatapotea. Wazee wetu wameikunja miaka kumi ikawa mmoja. Mtu anakuhadithia vita, mara unga wa njano, mara foleni watu wamepanga mawe na ndala kushika nafasi wakaenda kulala, mara watu wanatupa mali porini usiku wakiogopa kukamatwa, yote anasema "wakati wa vita". Sasa yatenganishe taratibu. Njaa ya 1974 ilikuwepo kabla na mahindi ya nje, ndiyo ule unga wa njano, yalishaingia nchini. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na ndege na reli za pamoja, ilivunjika 1977, tukabaki tunatafuta ndege na mabehewa ya kwetu. Halafu vita, ambayo ilikula fedha za kigeni na magari, malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vyakula, na lori likiwa Kagera halileti mahindi Dar, ni hesabu rahisi tu. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa baada ya mapinduzi ya Iran. Mwalimu Nyerere akasema tufunge mikanda miezi 18, miezi 18 ikaisha mikanda ikabaki palepale. Ile ya kutupa mali ni msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, wa 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine, vita imeshaisha miaka minne nyuma.

Kwa hiyo baba yako na mama yako wote waandike, kila mtu kwa maneno yake, halafu chini yao chora mstari wa miaka kuanzia 1974 mpaka 1984 mgeni aone mwenyewe kila stori inaangukia wapi. Usimsahihishe mzee mbele za watu. Mstari utafanya hiyo kazi. Binafsi naona mama yuko karibu zaidi na ukweli, lakini usimwambie mzee nimesema.

Babu aliacha gwanda lake la jeshi na ganda la risasi. Naweza kuviweka?

Mdogo wangu, gwanda usiliguse mpaka uongee na jeshi. Raia kukaa na sare za jeshi ni kosa, na mwaka 2023 jeshi lenyewe, JWTZ, walitoa siku saba watu wasalimishe hata nguo zinazofanana nazo. Ganda la risasi ndiyo kabisa, toa taarifa polisi, usilibebe kwenye begi kwenda shule ya watoto. Weka picha ya babu akiwa amelivaa, inatosha. Tena kiukweli maonesho haya ni ya waliobaki, gwanda likiingia tu watoto wote watajazana pale na kitenge cha bibi hakuna atakayekiangalia.

Bibi yangu nikimuuliza habari za vita ananyamaza au anabadilisha maongezi. Nimlazimishe?

Hapana dada. Mwamkie, kaa naye, mchambue naye mchele, uliza ya jikoni: mlifanyaje sabuni na mafuta vikikosekana? Mara nyingi mlango unafungukia huko. Akikataa kabisa heshimu, huenda kuna mtu hakurudi. Akikubali, muulize kama unaruhusiwa kurekodi, kama jina litokee au lisitokee, na mrudie na maandishi umsomee kabla hujachapa, siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ila hata isingekuwepo ni adabu tu.

Paneli tutumie nini na tutazibebaje? Bajeti ni ya kuungaunga.

Roll-apu (mabango ya kukunja yenye stendi yake) kumi au kumi na mbili, zinaingia kwenye kirikuu (pikapu ndogo) moja pamoja na watu wawili. Bodi za mbao ni nzuri ila nzito na hazipiti milango ya madarasa. Maelezo yasizidi maneno sitini kwa paneli, herufi kubwa, watu wanasoma wamesimama jua kali. Picha za familia skani palepale nyumbani kwao, dpi 600, uwarudishie mkononi kabla hujaondoka, usisafiri na orijino hata siku moja. Na jamani, selotepu mwiko, inageuka ya njano na kuila karatasi.

Tuzungushe lini na wapi?

Epuka masika, Machi mpaka Mei barabara za Mbagala na Kigamboni mnazijua. Julai ndiyo penyewe, Sabasaba inaleta watu mjini na tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa, hata serikali ya mtaa itawasikiliza kirahisi. Mkipata nauli ya kuvuka Dar, Mwanza wana stori yao, Machi 1979 ndege ya Libya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilitaka kuupiga mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama. Ila Kagera msiende na paneli zilezile. Kule Kyaka na Mutukula vita ilikuwa uani, watu walikimbia na watoto mgongoni wakaacha ng'ombe na migomba, ukiwapelekea foleni ya sukari ya Kariakoo watakuangalia tu. Nendeni na roll-apu tatu tupu na kalamu, wao wajaze.

Kiingilio shingapi?

Bure. Weka meza, daftari na mtu wa kuandika pale mlangoni, mgeni akisema "hata sisi nyumbani..." asiondoke mpaka ameandikwa, na namba ya simu ichukuliwe akikubali.