Saruji kwenye ukuta wa chokaa

SWALI: Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma ilijengwa mwaka 1908, katika kitongoji cha zamani. Miaka minne iliyopita fundi alijaza saruji kwenye viungo vilivyoliwa, yaani mistari kati ya tofali na tofali. Sasa nyuso za matofali zinabanduka na unga mweupe unatoka. Nimeshauriwa nipake silikoni kuzuia maji. Itasaidia?

JIBU: Usipake. Utayafungia ndani maji yale yale yanayokubomolea ukuta.

Matofali yako si mabovu. Nyumba za umri huo kwa kawaida zilijengwa kwa chokaa, laini kuliko tofali na yenye vinyweleo, hivyo unyevu ulitoka nje kupitia viungo pamoja na chumvi zake. Kiungo kuliwa haikuwa kasoro. Kililiwa ili tofali lipone, kisha kikazibwa upya. Saruji imeziba njia hiyo. Maji sasa yanatokea usoni mwa tofali, chumvi inaganda chini ya ngozi yake na kuisukuma hadi ibanduke. Sogea karibu utazame: saruji imechomoza kama ukingo wa sahani, tofali limerudi nyuma. Halafu fundi anakuambia hiyo ndiyo imara!

Itoe saruji hiyo kwa patasi nyembamba na nyundo, ukianzia katikati ya kiungo. Kina kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana: kiungo cha milimita 10, chimba 20 hadi 25. Grenda weka mbali, hukata kingo za matofali, hasa kwenye viungo vya wima. Saruji ikiwa imeng'ang'ania hata inang'oa tofali, iache mpaka ilegee. Safisha vumbi, lowesha, shindilia chokaa kipimo 1 kwa mchanga mkali (wenye punje za kingo kali) vipimo 2.5 hadi 3, kwa tabaka. Funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, la sivyo itakauka kabla ya kushika na kuwa unga. Tofali lililobanduka, kama bado ni zima, ling'oe uligeuze.

Na wale wanaokuja na "saruji kidogo tu ya kuongeza nguvu", rangi isiyopitisha maji au mashine ya kupuliza mchanga, ambayo hukwangua ngozi ngumu ya tofali kwa alasiri moja, wanauza ugonjwa ule ule. Kabla ya kumlipa yeyote, mwambie azibe kipande cha mita moja ya mraba, na usimame pale anapochanganya.