"Hukatwa na" au "hukatwa kwa"?

Swali: Ninaandika makala kuhusu namna seli zinavyokufa kwa mpango, hali ambayo wanabiolojia huiita apoptosisi. Mhariri wangu amefuta "protini hukatwa na vimeng'enya" akaweka "hukatwa kwa vimeng'enya", eti kimeng'enya ni kifaa tu, hakina nia. Yuko sahihi? Na je, naweza kusema seli "inajiua"?

Jibu: Irudishe "na" yako. Mhariri ameanza vizuri, ila ameteleza njiani. Ni kweli kwamba katika kauli ya kutendwa "na" humtaja mtenda, ilhali "kwa" hutaja ala: kamba imekatwa na mtoto kwa kisu. Lakini "na" haijawahi kudai nia. Tunasema mti umeangushwa na upepo, na upepo haukukusudia chochote. Cha kujiuliza ni iwapo yupo mwingine anayekitumia hicho kinachotenda.

Sasa zitazame kaspasi, vimeng'enya vinavyoendesha kazi hii. Hukaa ndani ya seli zikiwa zimelala. Mitokondria, yaani viungo vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati, zikiachilia sitokromu c, protini hiyo hushikana na nyingine iitwayo Apaf-1, na kwa muungano huo kaspasi ya 9 huamka. Nayo huikata kaspasi ya 3, na kwa kukatwa huko ya 3 huanza kazi: hukata mamia ya protini, ikiwamo ile iliyokuwa imekifunga kimeng'enya kinachokatakata DNA. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyeshika kisu. Kwa hiyo kaspasi ya 3 huamshwa *na* kaspasi ya 9, na zote mbili huweza kuzuiwa *na* protini iitwayo XIAP. Ukiandika "kwa", msomaji ana haki ya kuuliza: na nani?

"Kwa" ya mhariri inafaa maabara: "Watafiti walizikata protini kwa kimeng'enya." Hapo mtenda yupo, ana mikono miwili na glavu. (Upatanisho nao uuangalie: kaspasi inakata, kaspasi zinakata. "Kaspasi wanakata" niliyoiona mahali fulani imenikera.)

Kuhusu "inajiua", mimi naikubali. Kiambishi "-ji-" hutaka mtenda na mtendwa wawe mmoja, na hapa ndivyo ilivyo, kwa kuwa vimeng'enya ni vya seli yenyewe. Lakini usiitumie kila mahali. Seli T ya kinga inapoingiza kimeng'enya chake kiitwacho granzimu B ndani ya seli yenye virusi, granzimu hiyo huikata na kuiamsha kaspasi ya 3 ya seli ile. Kaspasi ni za marehemu, ila aliyeanzisha tendo ametoka nje. Andika "seli imeuawa na seli ya kinga". Na seli iliyoungua, ikavimba na kupasuka, haikujiua hata kidogo: imeuawa na joto.